Kitufe Ukutani: Kuishi Ndani ya Nyumba Inayokarabatiwa

Ndugu zangu, habari za jioni. Kabla sijaanza, naomba wale ambao wiki hii wana mafundi nyumbani wanyooshe mikono. Asanteni. Sasa wale waliowahi kuwa na fundi aliyekaa kuliko siku alizosema. Haya, ni karibu ukumbi mzima. Shusheni mikono.

Mimi ni mshauri nasaha. Kazi yangu ni kukaa na watu waliolemewa na kuwasikiliza. Kwa miaka mingi mtu alipoingia ofisini akataja ukarabati, nilikuwa naupita haraka. Angeniambia halali, anagombana na mwenzake, kichwa kinamgonga kila jioni, halafu pale mlangoni akiwa anaaga, anaongeza: "Tena nyumbani tuna mafundi." Mimi naandika usingizi, naandika ugomvi, mafundi nawaacha. Nilikosea, na kosa hilo nililiona zamu yangu ilipofika.

Tulikuwa tunabadilisha jiko na bafu. Tuliambiwa wiki sita. Wiki ya kumi na nne, jioni, mafundi wakiwa wameshaondoka, niliingia jikoni nikawasha taa, nikaona mfuniko wa swichi umefungwa ukapinda. Ulikuwa umepinda kidogo mno, labda upana wa ukucha. Nikaketi juu ya ndoo ya rangi nikalia, mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Mfuniko wa swichi haumlizi mtu mzima. Basi nilikuwa nalilia nini? Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunapoisema methali hiyo huwa tunahesabu fedha: ufa ni nafuu, ukuta ni ghali. Kuna hesabu nyingine haimo humo. Ukuta unapojengwa, kuna watu wanaolala pembeni yake. Wanaamka na mchanga kwenye mto. Wanatafuta kijiko kwenye sanduku la tano. Wanamsikia mtu wasiyemjua akikohoa sebuleni kabla hawajavaa. Hiyo nayo ni gharama, na hakuna fundi anayeiandika kwenye makadirio.

Tuanze na mwili, kwa sababu unaanza kutaabika kabla akili haijakiri. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika taarifa fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wa maabara. Aliona kwamba wakipatwa na tabu, iwe baridi, iwe jeraha, iwe sumu, miili yao hujibu kwa namna inayofanana. Akaigawa njia hiyo katika hatua tatu: mshtuko, kisha ukinzani, yaani mwili unajikaza na kuizoea hali, kisha uchovu, akiba ikiwa imekwisha.

Siku ya kubomoa ni siku ya mshtuko, na wengi wetu tunaifurahia. Ukuta unaanguka, mwanga unaingia, watoto wanapiga kelele. Hatua ya pili ndiyo inayotudanganya. Wiki ya nne, wiki ya tano, unajiona umeshazoea. Unajua kuuruka mfuko wa saruji gizani. Unaosha vyombo kwenye beseni chini bila kunung'unika. Kumbe kuzoea huko mwili unakulipia. Tezi zilizo juu ya figo hazijapumzika kutoa homoni za tahadhari, usingizi umekuwa mwepesi, shingo haijalegea tangu nyundo ya kwanza. Kisha siku moja kinakuja kitu kidogo, upana wa ukucha, kinakukuta huna kitu mfukoni.

Kuna hesabu nyingine huwa naitumia na wateja wangu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na alama zake. Kufiwa na mume au mke ni 100. Talaka ni 73. Mabadiliko ya hali ya makazi, ambamo ukarabati unaingia, yamepewa 25 tu. Ukiishia hapo utasema ni jambo dogo, na jamaa zako ndivyo watakavyokuambia: "Si unajengewa tu, unalia nini?" Lakini ukarabati hauji peke yake. Hali ya fedha nyumbani inabadilika: 38. Mmechukua mkopo mkubwa: 31. Mabishano na mwenzi yanaongezeka: 35. Usingizi unavurugika: 16. Mnakula ovyo kwa kuwa jiko halipo: 15. Jumlisha zote na zile 25, unapata 160. Na kwa kipimo chao, kuanzia alama 150 ndani ya mwaka mmoja uwezekano wa kuugua unapanda. Orodha ile ni ya zamani, na haiwezi kumpima kila mtu sawasawa, kwa hiyo msiende nayo nyumbani kama cheti cha daktari. Ninaipenda kwa kuwa inatuonyesha tunachobeba kwa vipande vipande bila kukipima kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka hasa mlisikie leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer walikuwa wakichunguza kelele. Waliwaweka watu chumbani wakawasikilizisha mchanganyiko wa sauti za watu na mashine za ofisini, kwa sauti kubwa, zikichomoka ghafla bila mpangilio. Baadhi yao walionyeshwa kitufe. Wakaambiwa: kelele zikikushinda, bonyeza hapa, zitakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengine hawakupewa kitufe. Baada ya kelele kwisha, wote walipewa kazi: mafumbo yasiyo na jibu, na maandishi ya kusahihisha. Waliokosa kitufe waliyaacha mafumbo mapema na wakapitwa na makosa mengi zaidi katika kusahihisha. Wenye kitufe walivumilia kwa muda mrefu zaidi. Na wengi wa hao wenye kitufe hawakukibonyeza kabisa.

Naomba mliweke hilo moyoni. Kelele zilikuwa zilezile. Masikio yalipigwa sawa. Tofauti ilikuwa kujua tu kwamba ukitaka, unaweza. Na katika majaribio hayohayo, watu ambao kelele zao zilikuja kwa vipindi vinavyotabirika walitoka na nafuu kuliko wale waliovamiwa wakati wowote.

Hapo ndipo nilipoielewa ile ndoo ya rangi. Kwa wiki kumi na nne nilikuwa nikiishi katika nyumba yangu mwenyewe bila kitufe hata kimoja. Sikujua kesho nani anakuja. Sikujua maji yatakatwa saa ngapi. Ningeweza kuwa uchi bafuni mtu akabisha kwamba anataka kupima dirisha. Vumbi lenyewe nililistahimili. Nilichoshindwa kukistahimili ni kuwa mgeni ndani ya nyumba yangu.

Kwa hiyo sina mafunzo ya kuwapa kuhusu kuvuta pumzi na kuwaza mazuri. Pumzi inasaidia, vuteni. Lakini nataka tutafute vitufe.

Cha kwanza kilikuwa dakika kumi za jioni, na hiki nitakaa nacho kidogo. Fundi wetu mkuu alikuwa mtu mzima, aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Nilimwita Mzee, naye aliniita mwanangu. Kila siku nilikuwa namuuliza, "Mzee, mtamaliza lini?" Naye kila siku ananijibu, "Karibuni, mwanangu." Nikawa namwona hasemi kweli. Siku moja akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hilo unaloniuliza mimi mwenyewe silijui. Niulize la kesho, la kesho nalijua."

Nikaanza kumuuliza la kesho. Maswali matatu tu, kabla hajafunga vifaa vyake. Kesho mnafanya nini na mnaanza na lipi? Maji au umeme vitakatwa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Kuna jambo lolote mnasubiri jibu langu, na mnalihitaji lini? Jioni ya kwanza alinijibu hivi: kesho tunachimba njia ya bomba ukutani, kelele saa tatu hadi saa sita, baada ya hapo ni kazi ya mikono, utakaa salama. Usiku ule nililala. Kesho yake kelele zilikuwa mbaya kuliko siku zote, tindo na nyundo mfululizo, na mimi nilikuwa mzima, kwa sababu nilikuwa nazisubiri na nilikuwa najua zinaisha saa sita.

Lile swali la tatu lilinifunza jambo ambalo sikulipenda. Sehemu kubwa ya kuchelewa kwetu ilikuwa juu yetu sisi wenye nyumba. Fundi wa vigae alikuwa ameketi kwa sababu hatukuwa tumechagua vigae. Fundi umeme hakutoboa kwa sababu hatukuwa tumeamua jokofu linakaa wapi. Ukiulizwa uamue papo hapo, ukiwa kazini, kwa simu, fundi amesimama na drili mkononi, utaamua vibaya, na usiku utajuta. Ukiambiwa Jumatatu kwamba jibu linatakiwa Alhamisi, una siku tatu za kuwaza. Siku tatu hizo ni kitufe.

Yote hayo yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukarabati ni mali inayotembea. Sisi tuliweka daftari moja juu ya dirisha la jiko, na kalamu imefungwa kwa uzi. Tarehe, kilichokubaliwa, nani alikuwepo. Zaidi ya yote, kila badiliko liandikwe pamoja na bei yake na siku zitakazoongezeka kabla fundi hajagusa nyundo. Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi ambao nimeusikiliza hauna mwizi ndani yake. Kuna watu wawili waliosikia maneno mamoja kwa namna mbili, wakiwa wamesimama kwenye kifusi, grinda ikilia.

Nimetaja grinda, basi niseme la masikio haraka. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye kelele za desibeli 85, na kila zikipanda desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Fikisheni wenyewe kwenye desibeli 100, ambako drili ya kutoboa zege na grinda hufika kwa urahisi: ni dakika 15. Vaeni vizibo vya masikio, na watoto waondoke chumba hicho. Vumbi la kukata zege na vigae lina chembe laini za fuwele za silika, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka mwaka 1997 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu zinapovutwa kazini. Waombeni mafundi wakate kwa maji, nje, na wavae barakoa za kuchuja, maana wao ndio wanaolivuta kila siku ya maisha yao. Na kama nyumba ni ya zamani, msikwangue rangi wala kuvunja mabati ya asbesto kabla mtu anayejua hajaangalia. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na watoto ndio wanaodhurika zaidi.

Sasa muda. Hapa watu wengi wanaumia bila sababu.

Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao kwamba watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Ilikuja kuwa 55 na ushei. Hao ni watu waliokuwa wanakadiria kazi yao wenyewe, mikononi mwao, bila mvua, bila bomba bovu lililojificha ukutani. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshaipa jina tabia hii mwaka 1979: tunapopanga, tunaitazama kazi kama itakavyokwenda kila kitu kikienda sawa, hatuangalii kazi kama hiyo iliwachukua wengine muda gani. Jumba la Opera la Sydney lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973. Fundi wako anapokosea wiki nne, hajakutukana. Amefanya kosa ambalo wasanifu wakubwa wa dunia wamelifanya. Kwa hiyo muulize swali tofauti: "Jiko la mwisho ulilofanya kama hili, lilichukua muda gani tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho?" Jibu la swali hilo liko kwenye kumbukumbu yake, na matumaini hayaliongezi wala kulipunguza.

Halafu kuna muda ambao si wa fundi wala wako, ni wa saruji. Nilipata hasira nyingi siku ambazo nilirudi nyumbani nikakuta hakuna mtu. Nilihesabu siku hizo kuwa zimeibwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, na kwamba siku za mwanzo linahitaji kunyweshwa maji, kwa sababu saruji haigandi kwa kukauka, inagandana kwa kuungana na maji. Ukilikausha haraka, linapasuka. Lipu nayo ikipakwa rangi kabla unyevu haujatoka, rangi itavimba na kubanduka. Vigae vikishabandikwa vinaachwa kwanza, kwa kawaida siku nzima, kabla ya kujaza mianya na kukanyaga. Siku ile nyumba iko kimya na kila kitu kimefunikwa, ukuta unafanya kazi. Tangu nilipojua hilo, siku za kimya zikawa zangu. Tulikaa tu, tukapumua.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Mwaka 2002 wenye nyumba wa Marekani waliokuwa wamekarabati majiko waliulizwa: walitarajia kwa wastani kutumia dola 18,658, wakaishia kulipa dola 38,769. Tazameni ni zaidi ya mara mbili. Watu wengi wa ujenzi watakushauri utenge akiba ya asilimia 10 hadi 20 juu ya makadirio, na mimi nasema kama nyumba ni ya zamani usishuke chini ya 20. Akiba hiyo isitajwe wakati wa kuchagua vigae. Ikitajwa, itageuka vigae. Na malipo yafuate kazi, awamu kwa awamu, kiasi fulani kikibaki mpaka kasoro zote zimerekebishwa.

Kitufe kingine ni chumba. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti wa Los Angeles walitoa utafiti wa watu 60, wake na waume waliokuwa wote wanafanya kazi. Kila mmoja alizunguka nyumba yake akiielezea kwa sauti, na maneno yake yakahesabiwa: ya fujo, ya vitu visivyomalizika, ya utulivu. Kisha ukapimwa mwenendo wa kortisoli, homoni ya msongo, katika mate yao kwa siku kadhaa. Wanawake walioielezea nyumba yao kwa maneno ya fujo na mambo ambayo hayajamalizika, kortisoli yao haikushuka jioni kama inavyotakiwa kushuka. Miili yao haikuufunga mchana. Nyumba inayokarabatiwa, kila ukutani imeandikwa "bado". Unapita kwenye kibaraza: bado. Unaingia chooni: bado.

Kwa hiyo tafuteni mahali pamoja ambapo hapasemi bado. Kiwe chumba kizima, na kama hakuna, kona yenye kitanda. Mlango uzibwe kwa nailoni nzito, chini uwekwe taulo lenye maji. Humo hakuingii fundi, ngazi, kopo la rangi wala mfuko wa misumari "kwa leo tu". Msijadili humo ukarabati. Muwe na shuka safi, taa isiyoumiza macho, na kile mnachokipenda, redio, kitabu, msahafu, Biblia. Watu wengi hufanya kinyume. Wanajaza chumba cha kulala samani za nyumba nzima, wanalala kwenye ghala, halafu wanashangaa kwa nini hawalali. Samani zinaweza kubanana popote na kufunikwa turubai.

Nifike kwa wenzi wetu. Hili linaniuma zaidi kuliko yote, kwa kuwa nimeona ndoa zilizovuka ugonjwa na kufukuzwa kazi zikaja kutikiswa na mlango wa bafu.

Mimi na mume wangu tuligombana kuhusu mlango. Yeye alitaka ufunguke kwa ndani, mimi kwa nje. Ilikuwa usiku, saa nne, tumechoka, tuna vumbi kwenye nywele. Tulisemezana maneno ambayo hayakuhusu mlango hata kidogo. Yeye alisema sijawahi kumsikiliza tangu tuoane. Mimi nilimwambia yeye ndiye aliyetuingiza kwenye balaa hili. Kesho yake asubuhi tulitazama ile nafasi tukiwa tumeoga, tukaona wote wawili kwamba ukifungukia ndani unagonga sinki. Ilituchukua nusu dakika.

Tangu siku ile tuliweka amri nyumbani: giza likiingia, hatuamui kitu cha nyumba. Ukikumbuka jambo usiku, liandike kwenye daftari, tutalikuta asubuhi. Na ukiona ubishi umepanda, moyo unadunda, sauti imebadilika, acheni. Nendeni mkatembee, kila mtu kivyake, kwa dakika zisizopungua 20, maana mwili uliopandwa na hasira hautulii ndani ya dakika mbili, na maneno ya katikati hapo ndiyo yanayobaki miaka kumi. Lingine ni kwamba mmoja wenu ndiye azungumze na fundi. Mkiwa wawili, yeye anasikia amri mbili, anafuata ya mwisho, na ninyi mnagombana kwa kosa ambalo yeye hakulifanya. Sisi tuligawana: bafu lilikuwa langu, jiko la mume wangu. Kwenye jiko nilitoa maoni, uamuzi ukawa wake. Iliniwia vigumu wiki ya kwanza. Baadaye nikaona nimetua nusu ya mzigo.

Usiku je? Wengi mmeniambia mnalala vizuri saa tano, mnaamka saa tisa, na kichwa kinaanza: bomba, deni, rangi, kigae kilichovunjika. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake walitoa jaribio dogo la vijana 57 waliolala maabara. Nusu yao, kwa dakika 5 kabla ya kulala, waliandika mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazokuja. Nusu waliandika mambo waliyokwisha kuyakamilisha. Walioandika ya mbele walilala mapema zaidi, kwa wastani kama dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahsusi ndivyo usingizi ulivyowahi. Ni jaribio dogo, lakini linaafikiana na ninachokiona ofisini. Usiandike "vigae". Andika "Jumanne asubuhi nimpigie muuza vigae, nimuulize kama sanduku mbili zimebaki". Kichwa kinaliachia jambo kikishajua limepewa siku yake.

Na kama mambo hayaachii, kama wiki mbili tatu hulali, unalia kila siku, kifua kinabana, au unaanza kuwapiga watoto kwa makosa madogo, hapo usimsubiri fundi amalize. Nenda kwa daktari.

Kabla ya maswali, niwaombe jambo kwa niaba ya watu ambao hawapo ukumbini. Fundi naye ana msongo wake. Anafanya kazi huku mwenye kazi amemsimamia mgongoni. Mteja wa kabla hajamlipa, mteja wa baada yako anampigia simu. Akikuta bomba limeoza ndani ya ukuta, yeye ndiye anayepaswa kukuletea habari mbaya, na anajua sura yako itakavyokuwa. Mzee wetu alikaa na habari ya namna hiyo siku mbili, akiogopa kuniambia. Siku mbili hizo zilitugharimu dari. Nilijiuliza nilimfanyia nini mpaka akaniogopa, na jibu nilikuwa nalo. Ukitaka habari mbaya ikufikie mapema, ipokee vizuri ya kwanza. Mshukuru kwanza, kisha ndipo muulizane kuhusu gharama.

Haya, maswali. Nimeuona mkono huku mbele. Dada anauliza kama ni bora kuhama mpaka kazi iishe. Kama mna pa kwenda, hameni zile siku za kubomoa, na zile ambazo choo hakitumiki. Siku nyingine ni nafuu kubaki, kwa sababu aliyehama haoni kazi na wasiwasi wake unaweza kuzidi. Anayekaa mbali azipate zile dakika kumi za jioni kwa simu, na picha.

Kaka wa nyuma anasema kazi imekwisha mwezi mmoja sasa, lakini bado anaamka alfajiri akisubiri nyundo. Hilo limenipata na mimi. Mwili huchelewa kuamini. Zungukeni nyumba mchana, na fundi, mkaandike kasoro zilizobaki, zirekebishwe kwa siku moja, kisha daftari lile lifungwe na liondolewe pale dirishani. Likikaa hapo, kazi bado ipo.

La mwisho, mama huyu. Anasema mama yake mzazi ana umri mkubwa, anaishi nao, na chumba chake ndicho kinachopaswa kuvunjwa sakafu. Kila wakigusia, bibi analia, na wanafikiri wampeleke kwa ndugu bila kumweleza, wamrudishe kikiwa tayari.

Ndugu yangu, naelewa mnataka kumpunguzia. Lakini msifanye hivyo. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walifanya utafiti katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao yako mikononi mwao: wachague chumba kipangweje, wachague siku ya kutazama filamu, wachague mmea na waumwagilie wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mema hayohayo, ila wauguzi ndio waliowafanyia na kuwaamulia. Baada ya wiki chache, wale waliochagua walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Mmea ulikuwa uleule.

Kaa naye. Mwonyeshe ufa kwenye sakafu, mweleze utazibwaje. Muulize ni vitu gani vitatu vya chumba chake lazima aende navyo, na kitanda chake kikirudi akipenda kielekee wapi. Achague yeye rangi ya ukuta, hata kama hamtaipenda. Halafu muulize anataka nyundo ipumzike saa ngapi mchana ili alale. Saa hiyo ikifika, msiende ninyi. Mshikeni mkono mpaka mlangoni, amwambie fundi mwenyewe.